Mzazi anapougua ugonjwa wa mwisho: jinsi ya kulinda nyumba ya familia isiende na bili ya hospitali (Kenya)

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Mama yuko wodini, bili imefika laki nane, hospitali inataka hatimiliki. Tufanye nini?" "Tubadilishe jina la shamba haraka kabla Baba hajafariki?" "Deni litatufuata sisi watoto?" Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio. Unahusu Kenya: sheria zake za ardhi, SHA (bima ya afya ya serikali) na mahakama zake. Ukiwa nchi nyingine, hatua za kukaa na mzazi na kukagua bili zitakufaa, lakini vifungu vya sheria havitakufaa.

Nyumba hupotea kwa sahihi inayotiwa usiku, mbele ya dirisha la malipo, na mtu ambaye hajalala siku tatu. Kazi kubwa hapa ni kuhakikisha sahihi hiyo haihitajiki, na ikihitajika, anayeitia anajua anachotia.

Neno moja kabla hatujaanza. Nyumba ni ya mzazi. Akiwa na akili timamu na akataka kipande cha ardhi kiuzwe ili atibiwe, ni chake na ni haki yake. Mwongozo huu si wa kumnyima mgonjwa dawa ili watoto warithi. Ni wa kuzuia nyumba isiuzwe kwa bei ya kutupa kulipia kitu ambacho kingelipiwa kwa njia nyingine, au matibabu ambayo mgonjwa mwenyewe hakuyataka.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Kitambulisho cha mzazi na cha mwenzi wake, pamoja na cheti cha ndoa. Kama ndoa ni ya kimila au ya dini na haina cheti, andaa hati ya kiapo.
- Hatimiliki halisi, na nakala tatu za kila ukurasa.
- Namba ya simu iliyosajiliwa SHA kwa jina la mzazi. Hakikisha laini ipo na inawaka.
- Ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa, hatua uliyofikia na matibabu yanayopendekezwa.
- Orodha ya madeni ya mzazi: benki, Sacco, mikopo ya simu, duka la pembejeo.
- Wakili anayefanya kazi za ardhi na mirathi. Mlipe saa moja ya ushauri sasa, kabla hamjafika wodini.
- Daftari moja gumu. Kila kitu kitaandikwa humo, na mtu mmoja tu ndiye atakayelishika.

Hatua ya 1: Kaa na mzazi akiwa bado anaweza kusema

Hii ndiyo hatua inayoahirishwa kuliko zote, kwa sababu watoto wanaona kama wanamtabiria mzazi kifo. Mara nyingi mzee mwenyewe amekuwa akingoja mtu amuulize. Mpeni mkubwa wa familia anayeaminiwa, shangazi au mjomba, aanzishe mazungumzo, kisha muulizeni mambo manne:

Ugonjwa ukizidi, anataka kuendelea na matibabu hadi wapi? Anakubali kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia? Anataka kumalizia siku zake hospitalini au nyumbani? Na akishindwa kusema, nani aseme kwa niaba yake?

Andika majibu kwa lugha anayoielewa, yeye atie sahihi au kidole gumba, tarehe iandikwe, na mashahidi wawili wasio warithi watie sahihi. Karatasi hii ina uzito. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inamruhusu mtu aliyepewa idhini kwa maandishi na mgonjwa kukubali au kukataa matibabu kwa niaba yake pale mgonjwa asipoweza. Bila maandishi hayo, ndugu watano watampa daktari majibu matano, na wakati wanabishana, bili ya chumba cha wagonjwa mahututi inaendelea kuhesabika.

Kwenye kikao hicho hicho muulize kuhusu mali: nini kiuzwe kwanza fedha zikikosekana, na nini kisiguswe.

*Kosa la kawaida:* kumwandikisha mzazi karatasi ya matibabu na karatasi ya kuhamisha ardhi siku moja, kwenye meza moja. Baadaye ndugu mmoja atadai mzee alilazimishwa, na zote mbili zitatiliwa shaka. Zitenganishe.

Hatua ya 2: Jua hatimiliki inasema nini hasa

Omba taarifa rasmi ya umiliki kwenye daftari la ardhi, ile ambayo wengi huiita sachi. Kwa kaunti zilizoingizwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi, utaipata mtandaoni; kwingine ni kwenye ofisi ya msajili wa ardhi ya eneo. Usitegemee karatasi iliyo kabatini. Soma mambo haya kwenye jibu:

1. Jina la mwenye ardhi linalingana na kitambulisho, herufi kwa herufi?
2. Kuna rehani? Wazee wengi walichukua mkopo zamani, wakaumaliza, lakini rehani haikufutwa daftarini.
3. Kuna zuio au amri ya mahakama?
4. Ukubwa wa kiwanja ni ule mnaoujua?

Ukikuta ardhi bado iko kwa jina la babu aliyefariki, mzazi wako hawezi kuiuza wala kuiweka rehani kihalali. Kwa upande wa ulinzi hiyo ni nafuu ya muda. Kwa upande wa mirathi ni kazi kubwa inayowangoja, na ni afadhali ianze mzazi akiwa hai, maana yeye ndiye anayewajua warithi wote wa babu.

Hatua ya 3: Funga mlango wa hati

Kama mzazi ana mume au mke, ulinzi mkubwa tayari upo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inasema rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila mwenzi kutia sahihi au kuridhia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, nayo inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa yake. Katika ndoa ya wake wengi, mke anayeishi katika nyumba husika lazima ahusishwe. Mwambieni mama hili waziwazi: asitie sahihi karatasi yoyote ya ridhaa ambayo wakili wake mwenyewe hajamsomea.

Mwenzi anaweza pia kuweka zuio kwenye daftari la ardhi, ambalo ofisini huitwa kosheni, chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Likishawekwa, hakuna kitakachosajiliwa kinyume chake bila yeye kuarifiwa.

Watoto, tahadhari. Kutarajia kurithi hakukupi haki juu ya ardhi ya mzazi aliye hai. Ukiweka zuio bila sababu halali, sheria hiyo hiyo inaruhusu udaiwe fidia. Kama umejenga hapo au umechangia ununuzi, una hoja. Peleka stakabadhi kwa wakili. Kama huna, mzazi mwenyewe aombe msajili aweke kizuizi, yaani katazo la msajili mwenyewe la kusajili miamala ya ardhi hiyo, chini ya kifungu cha 76.

Kwa shamba la kilimo kuna lango jingine: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Mauzo au rehani bila idhini ya bodi, inayoombwa ndani ya miezi 6 ya makubaliano, ni batili. Bodi nyingi humtaka mwenzi na watoto wazima wafike. Nendeni. Kutokufika kwenu kutachukuliwa kuwa hamna pingamizi.

Hati halisi ikae kwa wakili au kwenye hifadhi ya benki, na watu wawili wajue ilipo.

Hatua ya 4: Kabla ya kuhamisha jina, fikiria mara tatu

Ushauri mnaopewa mtaani ni "hamishia jina la mtoto mkubwa, hospitali haitagusa." Unaonekana wa maana, lakini una mashimo manne. Mtoto huyo akiwa na deni, wadai wake wanaweza kufuata nyumba. Akiachana na mwenzi wake, nyumba inaingia kwenye mgogoro wa ndoa. Akifariki kabla ya mzazi, nyumba inaingia kwenye mirathi yake, na mzee anabaki mgeni kwa wajukuu. Na kama jina limehamishwa wakati deni tayari lipo, ili kulikwepa, mdai anaweza kuiomba mahakama ibatilishe uhamisho.

Njia zilizo salama zaidi ni hizi:

- Umiliki wa pamoja kati ya mume na mke. Mmoja akifariki, mwingine anabaki mmiliki moja kwa moja bila mirathi. Chini ya kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, aina hii mpya huundwa baina ya wanandoa tu, isipokuwa mahakama iruhusu vingine. Hakikisha hati haisemi "kwa hisa sawa", kwani hiyo ni aina nyingine isiyo na faida hii.
- Amana ya familia (trasti). Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 familia inaweza kusajili amana inayomiliki nyumba kwa faida ya watu waliotajwa. Ina gharama ya wakili na uhamisho, kwa hiyo inafaa familia yenye mali ya kutosha au mtoto mwenye ulemavu wa kutunzwa.
- Zawadi yenye haki ya kuishi. Mzazi akitaka kumpa mtoto, mkataba useme na daftari lioneshe kwamba yeye na mwenzi wake wataishi hapo hadi mwisho wa maisha yao. Bila kuandikishwa, ahadi ya mdomo haitamsaidia mzee.

Kwa familia nyingi zenye mama na baba wote hai, jibu letu ni kuacha jina lilipo, kuimarisha haki ya mwenzi, na kuandika wosia.

Hatua ya 5: Weka SHA sawa kabla ya kulazwa

SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024, na kosa linalogharimu zaidi ni kudhani mzazi yuko chini ya kadi yako. Hayuko. Mtoto mzima na mzazi wake ni kaya mbili, na mzazi anajisajili na kulipa kivyake.

1. Piga *147# kwa simu ya mzazi, au mpeleke kituo cha afya akasajiliwe kwa alama za vidole.
2. Kamilisha tathmini ya kipato. Bila hiyo mfumo haujui alipe kiasi gani, na hatakuwa hai kwenye bima.
3. Asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato, na cha chini kabisa ni KSh 300 kwa mwezi, yaani KSh 3,600 kwa mwaka.
4. Hakikisha mwenzi wake ameongezwa kwenye kaya.
5. Piga tena *147# na uone kwamba malipo yameonekana. Hifadhi picha ya ujumbe.

Watoto wanne wakichanga KSh 900 kila mmoja, mzazi wa kiwango cha chini amelipiwa mwaka. Fanyeni hivyo hata kama mzee ni mzima kabisa.

Kabla ya kuchagua hospitali, uliza mambo mawili: ina mkataba na SHA, na mkataba huo unahusu huduma hii? Hospitali inaweza kuwa na mkataba wa kulaza lakini si wa saratani. Kwa upasuaji, picha kubwa (kama CT na MRI) na matibabu ya saratani, hospitali huomba idhini ya SHA kwanza. Mwombe afisa wa bima akuoneshe kwamba idhini imetoka kabla huduma haijaanza, kwa maana isipotoka, gharama inarudi kwenu. Kiwango cha bima kikiisha kwa ugonjwa sugu au mahututi, uliza kuhusu Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi, ambao umewekwa kwa ajili hiyo. Usingoje kuambiwa.

Hatua ya 6: Mwulize daktari lengo la matibabu

Swali ni moja, na liulizwe kwa maneno haya: "Daktari, matibabu haya yanalenga kumponya, kumwongezea muda, au kumpunguzia maumivu?" Jibu likiwa la pili, uliza muda gani na kwa hali gani. Likiwa la tatu, uliza kama lazima yafanyike hospitalini.

Hapa ndipo tiba shufaa inapoingia, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dalili nyingine kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Nairobi Hospice imekuwepo tangu 1990, Mombasa kuna Coast Hospice, na ziko nyingine Nyeri, Meru, Eldoret na Kisumu. Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kitengo chake. Wahudumu hufundisha familia kumpa mgonjwa mofini ya maji kwa kipimo na kwa saa, kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na kujua ni wakati gani wa kupiga simu. Mofini hufunga choo karibu kila mara, hivyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo inapoanzwa.

Omba rufaa mapema. Familia nyingi hufika hospisi wiki ya mwisho, wakati fedha zimekwisha kwenye wadi ambayo haikuwa ikimpa mgonjwa hata usingizi.

Hatua ya 7: Siku ya kulazwa, soma fomu

Fomu ya kulazwa katika hospitali binafsi mara nyingi ina nafasi mbili za sahihi zilizokaribiana: moja ya ndugu wa karibu, nyingine ya mdhamini wa malipo. Ni tofauti kabisa. Ndugu wa karibu ni mtu wa kupigiwa simu. Mdhamini anakubali kulipa deni kwa mali yake mwenyewe, na deni hilo litamfuata hata mgonjwa akifariki.

- Tia sahihi kama ndugu wa karibu. Chora mstari kwenye nafasi ya mdhamini, au andika kiwango cha mwisho unachoweza kulipa.
- Uliza malipo ya awali, gharama ya kitanda kwa siku, na ya daktari kwa kila ziara.
- Omba bili ya muda yenye mchanganuo kila siku ya tatu. Usingoje ya mwisho.
- Kwenye daftari andika kila siku: daktari gani alikuja saa ngapi, dawa iliyotolewa, kipimo kilichochukuliwa, saa za oksijeni.

Linganisha daftari na bili. Makosa ya kawaida ni dawa iliyoandikwa lakini haikutolewa au ilirudishwa famasi, ziara ya daktari iliyohesabiwa mara mbili, glavu na sindano kwa idadi isiyowezekana, na siku ya kutoka kuhesabiwa kama siku nzima. Peleka hoja kwa maandishi kwenye ofisi ya mikopo ya hospitali, mgonjwa akiwa bado ndani. Baada ya kulipa, kurudishiwa ni safari ndefu.

Mkiona bili inapita uwezo, ombeni kuhamishiwa hospitali ya umma *mapema*. Kumhamisha mgonjwa wa laki mbili ni rahisi kuliko wa milioni mbili.

Hatua ya 8: Fuata mpangilio wa fedha, usiruke ngazi

1. SHA, bima ya kazi, na mfuko wa maafa wa Sacco au chama.
2. Kuondoa makosa kwenye bili.
3. Msamaha wa bili. Katika hospitali za umma muone afisa wa ustawi wa jamii, ukiwa na barua ya chifu inayoeleza hali ya familia na ripoti ya daktari. Nenda wiki ya kwanza. Afisa anayeijua familia kabla ya siku ya kutoka ana nafasi ya kuandaa faili.
4. Michango. Mweka hazina mmoja, namba moja, hesabu ikitolewa kwenye kundi kila jioni. Walio Gulf, Ulaya au Marekani walipe moja kwa moja kwenye Paybill ya hospitali wakitumia namba ya mgonjwa. Hilo huzuia nusu ya magomvi ya ndugu.
5. Mali inayohamishika: mifugo, miti iliyokomaa, gari.
6. Kukodisha: shamba kwa misimu miwili, chumba cha uani, kibanda cha barabarani. Kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho.
7. Makubaliano ya kulipa kwa awamu.
8. Kipande cha ardhi kisicho na nyumba.
9. Nyumba.

Tuchukue hesabu ya mfano. Bili ni KSh 960,000. SHA inalipa 340,000, zinabaki 620,000. Makosa yanaondoa 45,000, zinabaki 575,000. Msamaha 100,000, zinabaki 475,000. Michango 180,000, zinabaki 295,000. Ng'ombe wawili 140,000, zinabaki 155,000. Hizo zikigawanywa miezi 12 ni kama KSh 13,000 kwa mwezi, na kwa ndugu wanne ni 3,250 kila mmoja. Familia ambayo ingeanza na hati ingekuwa imeweka rehani nyumba nzima kwa deni la 960,000 pamoja na riba.

Hatua ya 9: Kama ardhi lazima itumike

Itumike iliyo ndogo. Kama shamba ni moja, gawanyeni kwanza ili nyumba ibaki kwenye hati yake. Hilo linahitaji mpima ardhi, idhini ya bodi na hati mpya, na huchukua miezi, ndiyo maana linafanywa mapema. Mwombeni mthamini aliyesajiliwa bei kabla hamjamsikiliza mnunuzi yeyote. Mnunuzi anayejua mgonjwa yuko wodini atataja nusu.

Mkikopa, kopeni taasisi yenye leseni, kwa rehani iliyosajiliwa. Sheria inampa mkopaji muda: notisi ya kutolipa ya miezi 3 (kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi), kisha notisi ya kuuza ya siku 40 (kifungu cha 96), kisha dalali naye hutoa notisi ya siku 45. Mwenzi lazima apewe nakala ya notisi ya kuuza.

Mkopeshaji wa mtaani hana subira hiyo. Mtindo wake ni kukutaka utie sahihi *mkataba wa mauzo* na fomu ya uhamisho isiyojazwa tarehe, "kama dhamana tu". Ukichelewa wiki mbili, anajaza tarehe na kusajili. Ukiona neno "mauzo" kwenye karatasi ya mkopo, ondoka.

Na hospitali ikitaka hati ibaki kwao hadi mlipe? Kataa kwanza, pendekeza ahadi ya malipo kwa maandishi. Kama tayari imechukuliwa, jua kwamba aliyeshika hati kwa namna hiyo hawezi kuiuza ardhi bila amri ya mahakama.

Hatua ya 10: Baada ya kifo

Deni la matibabu ni la mirathi ya marehemu. Halimfuati mtoto ambaye hakutia sahihi ya udhamini. Lakini madeni hulipwa kabla ya warithi kugawana, kwa hiyo nyumba bado inaweza kuguswa kama hakuna mali nyingine. Ndiyo sababu mpangilio wa Hatua ya 8 unaendelea hata baada ya mazishi.

Mtu yeyote asiuze wala kuhamisha ardhi ya marehemu sasa. Kujihusisha na mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na kifungu cha 82 kinakataza ardhi kuuzwa kabla hati ya usimamizi, ile ya mahakama inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mirathi, haijathibitishwa. Andaeni cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na fomu za mahakama za mirathi P&A 80, P&A 5 na P&A 38 kama hakuna wosia. Tangazo hukaa siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, na uthibitisho kwa kawaida huombwa baada ya miezi 6.

Kama hakuna wosia, mwenzi aliyebaki na watoto ana haki ya kuitumia mali akiwa hai, bila kuwa mmiliki kamili, na ardhi hiyo haiuzwi bila ruhusa ya mahakama (vifungu vya 35 na 37). Kwa Waislamu, mirathi hufuata sharia na inaweza kwenda mahakama ya Kadhi: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha mafungu.

Mambo yakikwama

*Mzazi hajitambui na hakuna kilichoandikwa.* Idhini ya kawaida ya uwakili, yaani karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mzazi, haiwezi kutengenezwa sasa, na ya zamani huenda imekoma. Njia ni mahakama kumteua msimamizi wa mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Usichukue kidole gumba cha mtu asiyejitambua ukakibandika kwenye fomu. Huko ni kughushi, na uhamisho utafutwa.

*Hati imepotea.* Ripoti polisi, apa hati ya kiapo, omba msajili atoe nyingine. Tangazo la siku 60 hutoka kwanza kwenye Gazeti Rasmi.

*Ndugu amempa mkopeshaji hati kimyakimya.* Omba taarifa ya umiliki leo. Kama hakuna kilichosajiliwa, mwenzi aweke zuio leo leo, na wakili aandike barua kwamba ridhaa haikutolewa.

*Hospitali inakataa kumruhusu mgonjwa.* Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2015 kwamba kumshikilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Peleka barua yenye ahadi ya malipo kwa mkurugenzi wa hospitali, upate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ikikataa, wakili aende mahakamani na nakala hiyo.

*SHA inaonesha hajalipa ilhali umelipa.* Mara nyingi malipo yaliingia kwa namba ya kitambulisho ya mlipaji badala ya ya mzazi. Nenda dawati la SHA hospitalini na ujumbe wa M-Pesa, mgonjwa akiwa bado amelazwa.

*Ndugu hawakubaliani kuhusu mashine ya kupumulia.* Toeni karatasi ya Hatua ya 1, isomwe na aliyetajwa humo, mbele ya daktari.